Hela za aina tatu kwenye droo moja

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mtoto wa pili kati ya watatu, tunaishi Kibaigwa. Baba alianza kukamua alizeti mwaka 1998 na mashine moja. Leo tuna mashine mbili, ghala na Fuso. Kaka yangu mkubwa ndiye anayeendesha kinu. Mimi natunza hesabu, huu mwaka wa sita, bila mshahara wa kueleweka. Mdogo wetu ni mtumishi wa serikali Dodoma mjini, na sasa anadai fungu lake akajenge Ihumwa. Mwaka jana baba alipata kiharusi. Anaongea, akili yake iko sawa, ila anachoka upesi. Tangu hapo lipa namba ya kinu iko kwenye laini ya kaka. Nimejumlisha, mwaka uliopita alichukua milioni 14. Nilipomuuliza akasema, "Kwani mimi nalala bure kinuni?" Mama anasema tumwache, ana watoto wanasoma. Na kusema kweli, mimi mwenyewe nilichukua laki tisa nilipojifungua kwa upasuaji, na sikuandika. Sasa kaka anataka hati ya nyumba ya wazee iwekwe dhamana benki tununue Fuso la pili. Baba mdogo ameitisha kikao cha ukoo mwisho wa mwezi. Mdogo wetu anasema mahakamani. Kuna anayenishauri tutafute msuluhishi, mwingine anasema kaka anahitaji kocha. Tushike lipi? Na je, kaka hatuibii?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole kwa kumuuguza mzee huku unabeba daftari la watu wengine.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Kwa haya uliyoniandikia, siwezi kumwita kaka yako mwizi, na nakuomba nawe usilitamke neno hilo mbele yake wala mbele ya wifi yako. Likishatoka halirudi. Nimeona familia zikigawana mashine, mashamba na hata mifugo kwa amani, zikashindwa kulisahau neno moja lililosemwa sebuleni.

Tazama hizo milioni 14. Wewe unaziita wizi. Kaka anaziita malipo ya jasho lake. Mama anaziita ada za wajukuu. Mdogo wenu, ingawa hujaandika, naamini anaziona kama faida ambayo naye alistahili sehemu yake. Watu wanne, hela ileile, majina manne. Ugomvi wenu umelala hapo, na ndiyo maana kila mkijaribu kuzungumza mnaishia kupiga kelele: kila mmoja anajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Mwaka 1978 wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, Renato Tagiuri na John Davis, walichora duara tatu zinazoingiliana: familia, umiliki na biashara. Mtu mmoja anaweza kuwa ndani ya duara moja, mbili, au zote tatu. Mchoro ule unatumika mpaka leo na wanaoshughulika na biashara za ukoo, nami nimeuchora mara nyingi kwa kijiti juu ya vumbi la uani. Ila nimejifunza kuwa familia zetu zinaelewa haraka zaidi nikianza na hela. Anayefanya kazi kinuni anapata mshahara. Mwenye mali anapata gawio, hesabu zikishafungwa na faida ikaonekana. Mtoto wa nyumba, au mjukuu, au mama mwenyewe, anapata msaada anapopatwa na jambo. Hizo ni hela za aina tatu, zenye sababu tatu tofauti, na kwenu zote zinatoka kwenye droo moja bila mtu kusema hii ni ipi.

Sasa tuzipige hesabu hizo milioni 14 upya. Kama kesho kaka yako angeondoka, mngemlipa kiasi gani mtu wa nje afike kinuni kabla ya jua, asimamie vibarua, ajue gunia lenye alizeti mbichi kwa kulishika tu, na alale ghalani msimu mzima? Sijui bei yenu ya Kibaigwa, nyie mnaijua. Tuseme laki nane kwa mwezi. Kwa mwaka ni 9,600,000. Zinabaki 4,400,000. Hizo ndizo za kuzungumzia, na hata katika hizo, kama ada za watoto zimo, mtauliza: je, kinu chetu kinasomesha wajukuu? Kama ndiyo, wajukuu wote? Kwa kiwango gani? Ugomvi wa milioni 14 umeshuka mpaka milioni nne na ushee, na umegeuka kutoka "wewe mwizi" kuwa swali ambalo watu wazima wanaweza kukaa wakalijibu.

Kipimo hichohicho ukiweke kwako. Mtunza hesabu wa kinu kama chenu, tuseme laki tatu na nusu kwa mwezi, kwa miezi 72, ni 25,200,000. Uliwahi kuiona namba hiyo? Sikushauri uidai yote. Kinu hakina hela hiyo, na ukiidai kwa ukali utakuwa umefanya kama mdogo wako. Lakini inabidi itajwe na isikike, kwa sababu nadhani uchungu wako hautokani na milioni 14 za kaka. Unatokana na miaka sita ambayo hakuna aliyekuuliza wewe unalipwa nini. Binti anayekaa na hesabu za baba yake anahesabiwa kuwa anasaidia, kijana anayekaa na mashine anahesabiwa kuwa anafanya kazi. Hilo nimeliona Kondoa, nimeliona Singida, nimeliona hapa mjini, na linaniumiza kila mara.

Kuhusu mdogo wenu: hafanyi kazi kinuni, kwa hiyo hana mshahara hapo. Akipatwa na shida atapewa msaada kama mtoto. Na "fungu lake" kisheria bado halipo. Kama kinu kimesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kama jina la biashara kwa jina la baba peke yake, kama ninavyohisi, basi hakina hisa. Jina la biashara halitenganishwi na mwenyewe, hivyo mashine, ghala na madeni vyote ni vya mzee. Mtoto hana fungu kwenye mali ya mzazi aliye hai isipokuwa mzazi atake kumpa. Hilo aelezwe na mtu wa nje ya familia, taratibu, maana likitoka kwako atasikia "wewe si lolote". Na aelezwe pia suala la majira. Mwezi wa sita hela zote za kinu zimelala kwenye magunia. Akitoa fungu wakati huo anatoa mtaji wa kununulia alizeti, na kinu kitakaa bila kazi wakati wakulima wanapeleka mzigo kwa jirani. Kama mzee ataridhia kumpa chochote, kihesabiwe baada ya mafuta na mashudu kuuzwa na mtaji wa msimu ujao kuwekwa pembeni.

Upande mwingine wa jambo hilo ndio unaonifanya nikuombe msichelewe. Mungu amjalie mzee afya, lakini akiondoka hali ikiwa hivi, kinu kinaingia kwenye mirathi siku hiyohiyo. Ukoo utakaa, muhtasari utaandikwa, msimamizi atateuliwa, na kama ni Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Wakati huo nani ananunua alizeti? Nani anasaini benki? Mzee akiwa bado anaongea na akili yake iko sawa, anaweza kuandika wosia, au kuigeuza biashara iwe kampuni chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002, ambapo hisa zinaandikwa kwa majina na kampuni inaendelea hata mwanahisa akifa. Hilo ni la mwanasheria, na ni la hiari ya mzee kabisa. Asisukumwe. Mgonjwa wa kiharusi aliyesainishwa karatasi jioni akiwa amechoka ni kesi iliyokwisha kuzaliwa.

Na mama yenu je? Umeandika maneno ya mama mara moja tu, akimtetea kaka. Lakini tangu 1998 nani alipika chakula cha vibarua? Nani alikuwa anauza mashudu kwa wafugaji wakati baba yuko safarini? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Kesi ile ilihusu talaka, na kwenu Mungu apishe mbali, ila nakukumbusha kwa sababu ukoo ukikaa utamwita mama "mzazi" na kumsahau kama mchumaji.

Hapo hapo nimalizane na Fuso. Nyumba ya wazee ni nyumba ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijauzwa wala kuwekwa rehani, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inailinda. Bila ridhaa ya mama, hakuna dhamana. Mwambie mama asisaini chochote mpaka mtakapokuwa mmekaa, na usimwambie kwa siri. Mwambie kaka akiwepo, kwa heshima, kwamba la gari la pili tunaliacha mpaka tujue la kwanza linaleta nini. Huenda kaka ana sababu nzuri. Wenye magari msimu ukifika wanapandisha bei wanavyotaka. Tatizo ni kuweka nyumba ya wazee mezani kabla daftari halijafungwa.

Sasa kikao cha ukoo.

Najua kitu hiki kina heshima yake, nami nimelelewa ndani yake. Kikao cha ukoo kinafaa sana kumaliza matusi, kulipa faini ya mbuzi, kurudisha watu kwenye chungu kimoja. Kwa mahesabu ya kinu, nina wasiwasi nacho. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilikubali kukaa kwenye kikao cha watu kumi na saba kuhusu biashara ya mahindi ya ndugu wawili. Wajomba walizungumza, mashangazi walizungumza, kila mmoja akakumbusha ya mwaka fulani. Ndugu wawili wenyewe, wenye mali, walisema labda dakika kumi. Jioni walishikana mikono kwa sababu wazee walitaka washikane mikono. Wiki mbili baadaye mmoja akabadilisha kufuli la ghala. Kosa lilikuwa langu: niliona amani ya siku moja nikadhani ni makubaliano. Siku hizi, hatua ya kwanza sikusanyi watu.

Kwenu kuna jingine. Baba mdogo akiongoza kikao, anaongoza kama nani? Je, aliwahi kumkopesha mzee? Ana kijana wake anayefanya kazi hapo? Simsemi vibaya, simjui. Lakini anayepatanisha asiwe na chochote cha kupata wala kupoteza, na baba wadogo mara nyingi wanacho. Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Baba mdogo abaki hapo, avune mkishapatana. Mpeni heshima ya kuwa shahidi wa karatasi mtakayosaini. Mwende kwake wote watatu mkamwombe asogeze kikao, mkiwa na sababu moja tu: mzee anachoka.

Usuluhishi unaenda hivi. Msuluhishi anazungumza na kila mmoja peke yake kwanza: kaka, wewe, mdogo wenu, mama, mzee. Anachoambiwa faraghani hakibebi kwa mwingine bila ruhusa. Hatoi hukumu. Hapo watu wengi wanachanganya, kwa kuwa sheria zetu zina usuluhishi na zina uamuzi. Mwamuzi anasikiliza akaamua, msuluhishi anawaongoza mpaka muamue wenyewe, na mkishindwa anaondoka bila kumtangaza mkosaji. Wapo pia watani, na sitawadharau, kwa sababu mtani anaweza kumwambia kaka yako mbele ya watu jambo ambalo wewe huwezi. Ila mtani hatunzi siri, na ninyi mna mambo ya benki.

Mkimtafuta, muulizeni kama amesajiliwa. Tangu 2021 kuna kanuni za kuwatambua wasuluhishi, chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Muulizeni pia atamtoza nani. Ikiwezekana alipwe na kinu, kwa kiasi kilichoandikwa daftarini, ili asionekane wa kaka wala wako.

Siku ya kukaa pamoja wawe watano tu: wazee wawili na ninyi watatu. Asubuhi, mzee akiwa na nguvu. Hapa kuna jambo nimelijaribu mara kadhaa na linasaidia kuliko lolote jingine. Kwa desturi yetu mzee ndiye anayefungua, na akishasema, watoto wanafunga midomo. Kwa hiyo ninamwomba mzee, faraghani, siku moja kabla, afungue kwa kutoa ruhusa: "Leo nawaruhusu mseme hata yatakayoniuma, na sitamlaani mtu." Basi. Kisha asikilize, akichoka akapumzike, aelezwe baadaye. Sijawahi kumwona mzee aliyekataa akielezwa vizuri, na nimeona vijana wa miaka hamsini wakilia walipoisikia sentensi hiyo.

Wake na waume hawaingii chumbani, lakini wapo. Kaka akikubali mshahara wa laki nane bila kwenda nyumbani kuzungumza na wifi yako, atarudi amebadilika. Ndiyo maana kati ya makubaliano na saini kuwe na usiku mmoja, kila mtu akalale nayo. Mkisaini, karatasi hiyo ni mkataba wa kawaida. Na mdogo wenu anayetaka mahakama ajue kwamba hata huko, katika mashauri ya madai, watapelekwa kwanza kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Atakuwa amelipa wakili ili afike palepale mlipo leo.

Kuna mambo ambayo sisuluhishi. Mtu akipigwa au kutishiwa, saini ya mzee ikighushiwa, hati ikichukuliwa kinyemela: hapo kwanza polisi au mwanasheria, usuluhishi baadaye. Kwa uliyoandika sioni hata moja, ila fungua macho upande wa hati.

Kocha, sasa. Rafiki yako hajakosea, amewahisha tu. Kocha hagawi mali wala hapatanishi. Anasimama pembeni ya uwanja, anakutazama unavyocheza, anakuuliza kwa nini ulipiga hivyo, mnafanya tena. Kaka yako alifundishwa mashine na hakufundishwa ukubwa. Mzee alianguka, asubuhi yake akawa bosi wa dada yake. Nani alimwonyesha namna ya kusema "sijui"? Namna ya kutoa taarifa kwa watu aliowazidi umri? Miezi sita na kocha, kila wiki mbili, baada ya makubaliano kusainiwa, itamsaidia. Ukimpelekea kocha leo atasikia kwamba yeye ndiye mgonjwa wa familia. Asiwe mtu yuleyule aliyewasuluhisha, maana msuluhishi amebeba siri za wote.

Nawe pia chukua kocha. Usikasirike. "Umechukua milioni 14" ni taarifa sahihi ya hesabu na ni tusi. "Kaka, daftari linaonyesha hela zilizotoka bila jina ni milioni 14, nisaidie tuzipe majina" ni taarifa ileile. Mtunza hesabu mzuri anajifunza kuisema ya pili hata akiwa na hasira, na hilo halifundishwi kwenye cheti cha uhasibu.

Msimu hautawasubiri, kwa hiyo kabla ya hayo yote anzisheni mambo machache. Lipa namba isomwe na simu mbili, au kila jioni kaka akutumie taarifa ya siku. Hela yoyote ya benki inayozidi kiasi mtakachokubaliana itoke kwa saini mbili. Na kwenye daftari ongeza safu moja nyembamba: kila hela inayochukuliwa na mtu wa nyumba iandikwe M, G au S. Mshahara, gawio, msaada. Asiyejua aandike ipi asichukue mpaka aulize. Tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi daftari mnalo, kilichokosekana ni hiyo safu.

Wiki hii usimpigie kaka simu, na usimtumie ujumbe. Nenda kinuni saa kumi na mbili asubuhi, mashine hazijawashwa, vibarua hawajafika. Mpelekee chai. Fungua daftari ukurasa wa mwezi uliojifungua, mbele yake uandike kwa mkono wako laki tisa ulizochukua, tarehe, na herufi S pembeni. Kisha mpe kalamu.